Safari ya Kumpima Edson kwa Tairi Zake

Tangu nirudi Kashozi nimeulizwa habari za Bumbire kanisani, dukani na hata msibani, na kila anayeniuliza amekwisha kupata jibu kwa mtu mwingine. Wapo waliosikia kwamba nilikamatwa na sumu ya samaki. Wapo waliosikia kwamba nilifukuzwa kisiwani. Nimeona afadhali niandike mambo yalivyofuatana, mkayasome wenyewe.

Mnajua kilichonipeleka. Koku, binti wa kaka yangu Fulgence, amepata mchumba anayeitwa Edson, fundi baiskeli wa Bukoba mjini, Mlutheri, mzaliwa wa kisiwa cha Bumbire. Kwetu mtu hatoi binti kabla ya kuuliza watu wa upande wa pili ni akina nani, wanaishije, wamegombana na nani. Kazi hiyo hupewa mtu mmoja, na mtu huyo hajitangazi. Kaka alinipa mimi kwa kuwa nilizoea kuuliza maswali tangu enzi zile nilipokuwa nikikusanya habari za redio. Familia ya Edson ilitarajiwa kuja kujitambulisha Jumamosi. Kabla ya hapo nilitakiwa niseme neno moja: waje au wasije.

Asubuhi ya Jumatano, nikiwa nafunga mzigo, Koku alikuja na ndizi za kuchoma alizozifunga kwenye jani la mgomba.

"Baba mdogo," alisema, "mimi nimeshachagua. Wewe nenda, ila usiniharibie."

Nilimwambia kazi yangu ni kuangalia tu.

Kashozi hadi Bukoba

Ningeweza kupanda basi, lakini mtu wa basi hupita mbele ya habari. Mtu wa baiskeli husimama popote, huomba maji, na kwenye maji ndipo maneno yanapoanza. Tena nilikuwa na sababu ya pili. Baiskeli yangu ni ile ya mtumba yenye tairi nene zisizo na tyubu. Tairi za namna hiyo hukaza zenyewe kwenye ringi, na ndani yake huwekwa dawa ya pancha, ute mweupe kama maziwa. Mwiba ukitoboa, upepo huisukuma dawa kwenye tundu, ikaganda, ukaendelea na safari. Lakini dawa hukauka baada ya miezi kadhaa, na yangu sikuwa nimeiongeza tangu masika. Nikasema: nitampelekea Edson aitengeneze, nisafiri juu ya kazi yake hadi kwa mama yake kisiwani. Mtu anaweza kujipamba kwa maneno, lakini kazi yake itasema.

Tairi ya nyuma iliniishia upepo mara tatu kabla sijafika mjini.

Karakana ya Edson ni kibanda cha mabati chenye magurudumu yaliyoning'inizwa kama mikungu. Mwenyewe ni mwembamba, mikono imejaa makovu madogo, na hasemi sana. Mtu asiyesema sana mimi humtilia shaka. Anayesema sana humtilia zaidi. Aliivua tairi kwenye ringi, akabandua utando mkavu uliokuwa ndani, mithili ya ule unaoganda juu ya uji uliopoa, akafuta kwa kitambaa. Kisha akamimina dawa kutoka kwenye dumu hadi kwenye kikombe. Alipokuwa akimimina alinipa mgongo. Nikaliweka hilo moyoni.

Akajaza upepo, tairi ikalia pap, ikakaa kwenye ringi. Akalizungusha gurudumu, akalilaza upande huu, akalilaza upande ule, dawa ienee. La mbele akalifanyia vivyo hivyo.

"Unaenda mbali, baba?"

"Muleba. Kuna jamaa."

"Muleba," akarudia, kana kwamba analipima neno lenyewe. "Ukiingiwa na wasiwasi njiani, linyanyue gurudumu, litikise karibu na sikio. Utasikia dawa inacheza. Valvu usiifungue."

"Kwa nini nisiifungue?"

"Hakuna haja, baba. Tikisa tu."

Akanipa chupa ndogo ya akiba isiyo na karatasi ya jina, na bomba la sindano lisilo na sindano, la kuingizia dawa. Katika kazi yangu ya zamani nilikutana na watunza maghala wengi walioniambia hakuna haja ya kufungua mlango. Sikumbuki hata mmoja ambaye nyuma ya mlango wake hapakuwa na jambo.

Bukoba hadi Kemondo

Nilipomaliza mwinuko wa kwanza nje ya mji nililiinua gurudumu la nyuma nikalitikisa. Sikusikia kitu. Malori yalikuwa yakipita, na masikio yangu si ya kijana. Nikatikisa tena. Nikafikiri juu ya ule mgongo.

Nikafungua. Nilifanya kwa akili, au ndivyo nilivyoona. Dawa ni maji, na maji hukaa chini. Basi nikalizungusha gurudumu hadi valvu ikawa chini kabisa, nikalegeza kifuniko, nikabonyeza kwa msumari. Ute mweupe ukaruka pwaa, ukanipata kwenye suruali. Nikatulia. Nikafanya vivyo hivyo kwa gurudumu la mbele, likanitemea pia. Nikajaza upepo kwa pampu, nikaendelea nikijiambia kwamba kijana ni mkweli walau kwa sasa.

Kemondo nilikunywa chai kwenye hoteli ya mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Chupa niliiweka mezani ili isipate joto la begi. Nilipotoka kunawa nilimkuta ameishika, ameinamisha kwenye kikombe changu.

"Mama, hiyo si maziwa."

"Si maziwa ni nini?"

"Dawa ya tairi."

Akainusa, akakunja uso. "Tata, wewe unakuja hotelini na dawa ya tairi unaiweka mezani karibu na sukari. Ningekuua, ningefungwa mimi."

Tukacheka wote, ila nikiwa nacheka niliona dirishani wanaume wawili wameinamia baiskeli yangu. Mmoja alikuwa akibonyeza tairi kwa kidole gumba. Nilipotoka walisema wanaangalia tu, hawajawahi kuona tairi nene hivi. Sikuwaamini. Walipoondoka nilifungua valvu zote mbili kuhakikisha hawajatoa kitu. Dawa ikaruka, ingawa nilihisi si kwa nguvu ile ya kwanza.

Kemondo hadi Muleba

Muhutwe mvua ilinikamata. Nikajibanza kwenye baraza la mzee aliyekuwa akichambua kahawa, akanipa kamwani, zile kahawa za kuchemsha tunazotafuna kumkaribisha mgeni. Tulitafuna. Nilimuuliza habari za wavuvi wa visiwani, kisha kwa mbali kidogo nikaingiza jina la ukoo wa Edson.

"Unawauliza kwa nini?" akasema.

"Nimesikia tu."

"Umesikia kwa nani?"

Baada ya hapo alizungumzia mvua peke yake. Nikaandika kwenye daftari: *mzee wa Muhutwe, ametajiwa jina, amefunga mdomo.* Mtu hafungi mdomo bila sababu. Mvua ilipokata nililigeuza gurudumu la nyuma nikabonyeza. Safari hii yalitoka mapovu. La mbele likatoa matone mawili.

Sasa nilikuwa na hakika kwamba kuna jambo. Nilipanda milima ile nikipanga hoja zangu kama ninayekwenda kusoma taarifa. Alinipa mgongo akimimina. Alinikataza kufungua. Dawa imepungua kabla ya nusu ya safari. Labda alichanganya na maji. Labda aliweka kidogo cha juu juu, cha kumridhisha mteja hadi atoke mjini.

Muleba nilifika jua likiwa limeelekea kushuka. Mbele ya nyumba ya wageni niliilaza baiskeli, nikafungua magurudumu yote mawili. Upepo mtupu, hata tone. Nikampigia kaka simu palepale nimechuchumaa.

"Kaka, mkwe wako ni mwongo."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimefungua. Ndani hamna kitu."

"Basi," kaka akasema, "umeona." Akakata.

Muleba hadi mwaloni

Alhamisi asubuhi nilishuka kuelekea ziwani. Kwenye kona ya kwanza ya njia ya udongo mwiba uliingia tairi ya nyuma, na upepo ukatoka ssss hadi ringi ikagusa mawe. Hakuna ute uliokuja kuziba. Begini nilikuwa na chupa nzima ya akiba. Sikuitumia. Niliiona sasa kuwa kielelezo cha kumwonyesha kaka, na kielelezo hakiguswi. Nikaisukuma baiskeli hadi mwaloni, ufukwe wa boti na wavuvi, jasho likinitoka, nikiwa na furaha fulani ya mtu aliyepatia.

Mwaloni wanawake walikuwa wakianika dagaa kwenye vichanja. Niliomba nafasi kwenye boti ya Bumbire. Mwenyekiti wa mwalo, mwanamume mfupi mwenye buti za mvua, akataka kuona begi langu. Akatoa chupa. Akatoa bomba la sindano. Akanitazama suruali.

"Hii ni nini?"

"Dawa."

"Ya nani?"

"Ya tairi."

"Tairi inaumwa?" akauliza mmoja wa wale wanawake, na wenzake wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. "Juzi tumeokota samaki wanaelea pale kwenye matete. Leo anakuja mtu tusiyemjua, na chupa isiyo na jina, na bomba, na suruali ina madoa meupe. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

Ilibidi niseme kweli. "Ningefikiri unavyofikiri."

"Basi onja."

"Hailiwi, mwenyekiti."

"Hailiwi kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ni dawa ya tairi."

"Tunazunguka," akasema, akakaa juu ya kreti kuonyesha kwamba ana muda.

Boti iliondoka bila mimi. Ya pili ikapakiwa mikate na magodoro. Kila nilipoeleza namna dawa inavyoziba tundu, mtu mmoja aliitazama tairi yangu iliyolala chapati, na maelezo yakaishia hapo. Mwishowe mwenyekiti akaniuliza ninakwenda kwa nani.

"Kwa Ma Ester, mama yake Edson fundi."

"Wewe ni nani wake?"

"Bado si mtu wake."

Yule mwanamke wa dagaa ndiye aliyeshika neno hilo. "Bado? Waitu, jamani, huyu kaja kuchunguza. Edson anaoa Kashozi, sisi tunajua. Huyu ndiye mpelelezi wao."

Mwalo mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akasimama.

"Ungesema tangu mwanzo, tata. Utakwenda. Chupa atakaa nayo nahodha, amkabidhi Ma Ester mwenyewe."

"Na Edson ni mtu wa namna gani?" nikauliza, kwa kuwa siri ilikuwa imekwisha.

"Hilo mimi sitakujibu. Una mdomo, kamuulize mama yake."

Bumbire

Nahodha aliiweka chupa katikati ya miguu yake njia nzima, akiitupia jicho kila wimbi lilipopiga. Tulipofika, watu waliokuwa ufukweni hawakuniuliza ninakwenda wapi. Walininyooshea njia. Nilisukuma baiskeli hadi kwenye nyumba ya bati yenye ua wa matofali, nahodha nyuma yangu na chupa yake, na mama mmoja mwenye kanga ya kijani akatoka.

"Karibu, Ta Deo," alisema. "Nimesikia una sumu."

Ma Ester ni mjane, mrefu, anatazama mtu usoni. Alileta kamwani kwenye kikapu kidogo. Ninaona aibu kuandika hili, lakini nilisubiri yeye aanze kutafuna ndipo nikatia zangu mdomoni, naye aliona. Tukala ebitoke, ndizi zetu za kupika, na sato wa kuchemsha, samaki mtamu ambaye sikumfaidi kwa sababu ya kupanga maswali. Baada ya kula niliuliza moja baada ya jingine: shamba, magonjwa ya ukoo, ugomvi, marehemu mumewe alikufaje. Alijibu yote isipokuwa moja, akasema hilo si la kwangu. Mwisho nikatoa lile nililokuja nalo.

"Mama, mwanao alinidanganya. Hakuweka dawa kwenye tairi zangu, au aliweka ya uongo. Ndiyo maana umeniona nasukuma."

Hakukasirika. Aliinuka, akaishika baiskeli, akapitisha kidole kwenye ringi karibu na valvu. Akanitazama magoti.

"Ulifungua ukiwa umeiwekaje?"

Nikamwonyesha. Nililigeuza gurudumu hadi valvu ikawa chini, nikamweleza sababu: dawa hukaa chini, basi hapo ndipo unapoweza kuiona ikitoka.

"Ikatoka?"

"Ikatoka."

"Na mara ya pili?"

"Ikatoka."

"Hadi wapi?"

"Hadi Muhutwe."

Akayatazama tena magoti yangu, nipate nafasi ya kujiona. Sikuitumia.

"Ta Deo," akasema, "dawa ya mwanangu iko kwenye suruali yako."

Nikainamisha kichwa. Madoa yalianza kwenye pindo yakapanda hadi gotini, makavu, yanang'aa kama gundi, mengine juu ya mengine. Watu wa mwaloni waliyaona wote. Mimi mwenye daftari nilikuwa nimeyavaa siku mbili.

"Alijifunzia kazi hapa uani," Ma Ester aliendelea. "Nimemfulia miaka mingi. Hayo hayatoki. Ukifungua valvu ikiwa chini, upepo unaitoa dawa nje. Unaangalia kama ipo, huku unaimwaga."

Alimwomba nahodha ile chupa. Akaligeuza gurudumu la nyuma, valvu ikapanda juu pembeni, mbali na dawa. Akang'oa kipini cha ndani ya valvu kwa plaizi, akasukuma ute kwa bomba taratibu kama anayemlisha mtoto mgonjwa, akarudisha kipini. "Pampu," akasema. Nikapiga pampu. Akalizungusha gurudumu. Kwenye tundu la mwiba povu jeupe likachungulia, likachemka, sauti ikapungua, ikazimika. Nahodha akaguna, akaaga, akarudi kwenye boti yake. Nadhani mwalo ulijua kabla ya jioni.

Nilipanda kwenye mwamba ambako simu hushika. Kaka alipokea mara moja.

"Nilikosea," nikamwambia, nikamweleza.

"Mimi nilishampigia Edson jana ile ile," alijibu. "Nimemwambia wasije."

"Koku?"

"Yuko shambani tangu asubuhi. Anapalilia mahali palipopaliliwa."

Niliposhuka nilimwambia Ma Ester kwamba nitalirekebisha, Jumamosi waje kama walivyopanga. Alitikisa kichwa.

"Jumamosi hatuji. Kaka yako amekataa kwa neno lako, na neno lako nimeliona lilivyopatikana. Sasa na sisi tutatuma mtu Kashozi, atuulizie ninyi ni watu gani."

"Mtamtuma nani?"

"Wewe ulituambia unakuja?"

Bumbire hadi nyumbani

Ijumaa nilirudi. Tairi ya nyuma ilishika hadi Bukoba, sikuigusa. Mara mbili mkono ulielekea kwenye valvu, nikauweka mfukoni.

Edson alikuwa kazini. Hakusimama nilipoingia.

"Ulifungua," alisema.

"Nilifungua."

"Wateja wengi hufungua. Hurudi hapa kunigombeza, nawaonyesha, tunacheka. Wewe ulimpigia simu baba yake Koku."

"Ungenieleza sababu ya kunikataza."

"Ungeniamini?"

"Hapana."

Alichukua gurudumu la mbele aongeze dawa, akageuka tena kunipa mgongo. Safari hii nilizunguka nikasimama mbele yake. Alikuwa akikinga kikombe na vumbi la barabarani, si zaidi ya hapo. Hata hivyo nitaandika ninachofikiri: nadhani alijua tangu Jumatano ninakwenda wapi, na nadhani mama yake alijua kabla ya mwalo. Nilimuuliza. Akasema nimuulize huyo mtu wao atakapokuja Kashozi.

Basi ndipo tulipo. Kaka amemwomba Edson radhi kwa simu, Edson ameipokea, na wote wawili wanamsubiri mtu wa Ma Ester, kwa kuwa bila neno lake Bumbire haitakuja. Hatujui ni mwanamume au mwanamke. Juzi alipita mama mmoja akiuliza miche ya kahawa, shemeji yangu, mke wa kaka, akamkaribisha kwa chakula cha sikukuu, kumbe kweli alitaka miche. Jana fundi wa mita alipewa kiti barazani. Kaka ameanza kumsalimia kila mpita njia mara mbili.

Koku ananijibu nikimsalimu, basi. Jana jioni alikuja akasimama mlangoni nikiwa naandika haya, akauliza kama nimeandika pia habari ya kusubiri Ma Ester atafune kwanza. Nikamwambia nimeandika. Akasema niiache hapohapo, nisiifute.

Kwa hiyo ninawaomba jambo moja ninyi mlioniuliza. Mtu msiyemjua akiwafikia dukani au kanisani, akauliza kwa mbali habari za Deo wa Kashozi, msinitetee na msinifiche. Mpeni karatasi hizi asome hadi mwisho. Kisha mwambieni kwamba Koku si mimi.